Ulijua Sitanyamaza

3 Februari

Dada, shikamoo.

Nakuombea barua hii ikukute wewe na Mama mkiwa wazima, mnakula na mnapata usingizi. Mimi sijambo, ni mafua tu. Niko upande wa pili wa mto, zaidi ya hapo usiniulize. Dereva wa lori la msaada anasema barua anazificha ndani ya godoro la kiti chake, lakini godoro nalo hupekuliwa. Jeshi limenipa kazi ya bohari. Nagawa mablanketi na viatu, bunduki sijashika. Mwambie Mama hivyo, na umwambie kwenye sikio la kushoto, lile linalosikia.

Nimepakumbuka kwetu mno. Duka lako la miwani bado liko wazi? Shule ya nyuma ya nyumba bado inafundisha? Ule ukuta wake uliobomoka, tuliokuwa tukiuruka tukichelewa, wameujenga? Kinu cha unga kinasaga? Na ule mteremko wa barabara kuu, malori makubwa bado yanapita, au daraja dogo limechoka? Niandikie kila kitu, hata kisicho na maana. Huku mtu anaishi kwa habari za kwao.

Mdogo wako.


17 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako imefika ikinuka dizeli, nasi tumeipokea kama manukato. Sisi hatujambo. Mama miguu inamvimba ila mdomo mzima. Nilipomsomea kwamba unagawa mablanketi alisema, "Huyo? Kitanda chake mwenyewe hajawahi kutandika."

Dukani nimeziba dirisha kwa mbao, kwa hiyo nafanya kazi mlangoni, penye mwanga. Tangu vita vianze watu wanavunja miwani kuliko sahani. Wanakimbia nayo, wanaanguka nayo, wanalala nayo. Lenzi mpya hazipatikani, basi nachukua za marehemu nazisaga upya. Usicheke. Juzi alikuja askari mmoja wa huku, mtu mzima, zamani alikuwa mpiga picha za harusi. Lenzi moja imepasuka, ikabidi awe anafumba jicho moja ndipo aone, na huyo ndiye dereva wao! Nimemtengenezea. Alitaka kunipiga picha kwa shukrani, mkono ukamwenda kifuani, akakumbuka hana kamera.

Shule imefungwa. Kiwanjani kuna mizinga miwili, wameifunika matawi kana kwamba kuna mtu asiyejua kuwa mti hauna magurudumu. Ikifyatuliwa, vikombe vyetu vinacheza kabatini. Madarasani wanalala watu waliokimbia vijiji vya mtoni, kina mama na watoto, na yule mkunga aliyemzalisha Mama ulipozaliwa wewe amehamia huko kuwasaidia. Ukuta haujajengwa.

Sasa na mimi nikuulize. Mgawa mablanketi anataka nini na daraja? Usikasirike. Siku hizi hata paka akinitazama sana namuuliza katumwa na nani.

Dada yako.


2 Machi

Mdogo wangu,

Tu hai. Mama ameniambia nianze na hilo.

Shule imepigwa. Ilikuwa asubuhi, watoto wamepanga foleni ya chai kwenye veranda. Bomu la kwanza liliangukia mizinga. La pili likaangukia madarasa. Tulichimbua kwa mikono, kwa sufuria, kwa mabeseni ya kufulia. Mkunga tulimkuta amelala juu ya watoto wawili. Mmoja alikuwa anapumua.

Sitakuandikia zaidi. Jirani zangu wameniletea miwani waliyookota pale, wakidhani lenzi zitanifaa. Nimeitia kwenye sanduku, nimefunga. Siwezi kuigusa.

Nilikuandikia kwamba mizinga iko kiwanjani. Nilikuandikia pia kwamba madarasani kuna watu. Vyote viliandikwa na mkono mmoja, aya moja. Nataka kujua nani aliisoma barua yangu, na aliisoma mpaka mstari gani.

Dada yako.


14 Machi

Dada,

Pole. Pole kwa mtaa mzima. Mkunga nimemlilia chooni, huku huwezi kulia mbele za watu.

Niliisoma mimi. Siko bohari, sikuwahi kuwa. Nakaa kwenye chumba chenye ramani, kwa sababu mitaa ya kwetu naijua. Lakini ile mizinga walishaiona kwa vile vindege visivyo na rubani kabla barua yako haijafika. Sikuwaongezea kitu. Kuhusu watu wa madarasani niliwaambia. Nakuapia niliwaambia.

Sasa nisikilize na mimi. Mizinga hiyohiyo iliyokuwa ikichezesha vikombe vyenu ilipiga kituo cha mabasi cha huku, watu wakisubiri kwenda kazini. Nilikuwa miongoni mwa waliookota. Kulikuwa na muuza magazeti, magazeti yake bado yamefungwa kamba. Kila siku mizinga ile ingebaki, kituo kingine kingengoja zamu yake. Mkubwa wetu alisema, "Aliyeweka mizinga nyuma ya watoto ndiye aliyewaua." Nilikubali. Hata leo nusu yangu inakubali. Wewe ungefanya nini?

Na jambo moja linanikereketa. Mwandiko ni wako, lakini "aliisoma mpaka mstari gani" ni maneno ya mpelelezi, si ya dada yangu. Kuna mtu amesimama begani kwako ukiandika? Kama ni wewe kweli, niambie Baba aliniitaje siku nilipofungua redio nikashindwa kuirudisha.

Mdogo wako.


25 Machi

Mdogo wangu,

Alikuita Fundi Bomoa. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha fimbo nikala mimi kwa kuwa ndimi niliyeachiwa kukuangalia. Umeridhika? Begani kwangu yuko Mama peke yake, naye hawezi kusoma bila miwani, na miwani yake ameikalia.

Ulidhani mimi ni mtego. Mimi nilidhani hivyo juu yako, nami nilikuwa na sababu.

Wale wa kituo cha mabasi nawalilia, usinifanye jiwe. Nilimuuliza yule mpiga picha uso kwa uso alipokuja kukazwa skrubu: "Mnapiga nini ng'ambo?" Akasema, "Kambi." Nikamwambia, "Na kituo cha mabasi?" Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Kambi iko nyuma ya kituo, mama." Umemsikia? Ni wewe mtupu. Mngebadilishana sare tu, hakuna ambaye angegundua.

Mkubwa wenu anasema mwuaji ni aliyeficha. Sawa, huyo ana damu. Lakini damu si mzigo wa kuni, kwamba mmoja akijitwisha mwenzake anabaki mikono mitupu. Mtoto aliyekuwa anangoja chai hakumpiga muuza magazeti. Hakuna njia ya kulizungusha hilo. Nimelizungusha sana, nikiwa nasaga lenzi, nikiwa napika, na kila mara linarudi palepale.

Ningefanya nini? Sijui. Pengine ningeanza kwa kutomdanganya dada yangu habari za mablanketi.

Imeletwa mizinga mingine. Iko wapi, hutalisikia kwangu.

Dada yako.


6 Aprili

Dada,

Sina nafasi ya salamu. Mizinga iko uani kwa kinu cha unga, tunajua bila wewe. Itapigwa Jumapili asubuhi. Mchukue Mama mwende kwa Shangazi kabla ya hapo. Usimwambie mtu mwingine yeyote, hata kwa kunong'ona. Likivuja, shingo yangu halali yao. Choma barua hii.

Mdogo wako.


13 Aprili

Mdogo wangu,

Niliichoma. Halafu nikakaa dukani nimeshika bisibisi, sina ninachokifunga.

Chini ya kinu kuna ghala, na ndani ya ghala wanalala waliosalia wa shule, pamoja na yule mtoto aliyekutwa anapumua. Na wewe uliniambia nisimwambie mtu. Nilijaribu kukuweka kwenye mizani, shingo yako huku, wao kule. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa fundi viatu. Nilimwambia ni siri. Kufikia Ijumaa mchana mtaa mzima ulikuwa njiani na magodoro kichwani.

Kamanda wa askari wa huku alikuja dukani, akafunga mlango nyuma yake.

"Nani kakuambia?"

Kabla sijafungua kinywa Mama akasema, "Niliota mimi."

"Umeota nini, bibi?"

"Eh? Sema kwa nguvu, mwanangu!"

Akasema kwa nguvu. Mama akamtaka aongeze. Ikafika mahali kamanda anapiga kelele "Jumapili! Kinu!" na watu wamejaa nje wanasikiliza. Alitoka bila kutuaga, lakini mlangoni aliniangalia, na macho yale bado yako mgongoni mwangu. Alisema atarudi.

Ndoto hakuiamini, ila hakutaka kubahatisha. Jumamosi waliitoa mizinga kinuni wakaivuta kwa malori kuelekea barabara kuu. Yule mpiga picha aliendesha lori la mbele. Alinipungia mkono akipita, miwani usoni. Walipofika mteremkoni, pale pasipo na nyumba, wakapigwa. Wote. Hakuna raia aliyekwaruzwa.

Jumapili nilikaa kwa Shangazi nikisubiri mshindo. Hakukuwa na mshindo. Kinu kimesimama hadi leo, unga juu ya paa.

Nilifurahi, nikapika, nikala. Kijiko kikiwa mdomoni nikaacha kufurahi. Vipi ndege ziwe tayari Jumamosi, juu ya mteremko ule, kama zilipangiwa Jumapili, juu ya kinu? Nani aliniuliza mwezi wa pili kama malori makubwa yanapita pale?

Hukuniandikia ili ninyamaze. Uliniandikia kwa sababu ulijua sitanyamaza. Kama nakusingizia, niambie, nitakuomba radhi kwa magoti. Kama ni kweli, niambie vilevile.

Dada yako.


28 Aprili

Dada, shikamoo.

Ni kweli.

Walikuwa wamekwisha amua kukipiga kinu pamoja na ghala lake. Kila mtu mezani alikuwa na sababu, na sababu zenyewe, ukizisikia pale, zinaingia akilini. Nikaona foleni ya chai. Nikasema, nipeni wiki moja, nina dada ambaye hajawahi kuona chungu cha jirani kikifurika akapita kimya. Walicheka. Kisha wakakubali.

Ile habari ya shingo yangu nilitunga. Nilijua ukiona inakuuma kusema, watu watakuamini ukisema.

Hakuna mtoto aliyekufa, Dada. Hata mmoja. Je, hilo si kitu? Ndiyo, nilijua watakuuliza. Nilihesabu kwamba hawatakuua, mwanamke mwenye mama mzee, mbele ya mtaa mzima. Kuhusu mpiga picha, simjui, na pole. Lakini alikuwa askari, na alivuta mizinga.

Niambie kama nilikosea. Nitakaa na jibu lolote.

Mdogo wako.


20 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Hilo ni kitu. Sitakunyima haki yako. Nikifumba macho nawaona watoto wa ghalani wakigombania mpira wa matambara, nakushukuru, na kwa pumzi hiyohiyo nakukasirikia.

"Nilihesabu kwamba hawatakuua." Mkubwa wako naye alihesabu, siku ya shule. Wewe umeipunguza hesabu yake, na kupunguza ni jambo kubwa, nakubali. Lakini hukuiacha. Umeniweka mimi mahali pa wale wachache wa kupotezwa, bila kuniuliza. Ungeniuliza, huenda ningekubali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya macho ya kamanda.

Alirudi kama alivyoahidi. Akalikuta duka tupu. Tumehama. Wapi, sikuambii. Dereva naye hajui, ataiacha barua yako kwa mtu, na mtu huyo atampa mwingine. Usiniulize barabara, wala ukuta, wala kama mvua imenyesha. Niulize afya ya Mama, nitakujibu daima.

Mama anakusalimu sana. Ameniambia nikueleze chumba chetu kipya kilivyo, dirisha linatazama wapi na asubuhi anaona nini akiamka, ili ukitukumbuka ujue pa kutukumbukia. Nimemwambia wino umeisha.

Dada yako.