Mkono wa Mtungi Juu ya Kaburi Lako

Mwalimu,

Shikamoo. Najua huitiki, na hata ulipokuwa hai uliniitikia kwa shingo upande. Mola akurehemu. Yeye ni mwingi wa rehema. Mie sijafika huko, bado nina hasira na wewe.

Somo lako limefungwa. Nakwambia mwanzo kabisa kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke. Wamekibandua kile kibao cha akiolojia ya Wagiriki na Warumi mlangoni, na chumbani mwetu sasa wanafundishwa vijana wa kuwatembeza watalii mji wa kale wa Al Hamra. Meza yako amepewa mwalimu wa Kiingereza. Anaweka birika la chai palepale ulipokuwa ukipanga vigae vyako vya mitungi ya kale, na chai inamwagika.

Ulilianzisha wewe somo lile, hapa chuoni Nizwa, Oman, na hakuna atakayebisha. Wakubwa wa chuo walikuuliza, ya nini kuwafundisha watoto wetu masanamu ya makafiri? Ukawajibu, "Babu zenu waliwauzia ubani. Hamtaki kujua uliishia wapi?" Kabla yako Wagiriki na Warumi walikuwa picha za kitabuni tu, mtu anakariri, anafaulu, anasahau. Wewe ukaifanya kazi ya chuo kikuu: kuchimba, kupima, kuchora, kusoma maandishi yao herufi kwa herufi, na mtihani ambao watu walitoka wakilia. Wasichana wa Sur na Ibra, walioletwa na baba zao mpaka getini, wakawa wanashikana mashati kwa ajili ya mitungi ya mvinyo, na mvinyo wenyewe hata harufu yake hawaijui.

Wengi walikukimbia. Mie nilibaki, sijui kwa mapenzi au kwa ubishi. Uliniita "wewe wa Bujumbura", maana wazee wangu walirudi Oman kutoka huko, na nyinyi mabibi wa Unguja mjini mnajiona Kiswahili mmekizaa nyinyi. Nikisema neno la kwetu unaniangalia kama nimetema mate zuliani. Sasa nasema kama wewe. Mama ananicheka.

Mama yangu unamkumbuka? Nilipofaulu mwaka wa kwanza alikwenda mpaka Bahla kwa wafinyanzi kukuchagulia mtungi wa maji, mzuri, wenye nakshi shingoni. Akakuletea mwenyewe, kaupakata kama mtoto. Ukamshukuru, ukampa kahawa na halua. Wiki ya pili ukauleta darasani ukauachia sakafuni, pwaa! Ukamgawia kila mtu kipande, ukasema, "Haya, nambieni ulikuwa nini." Uliniangalia mie. Kipande changu kilikuwa na nakshi. Nilikichora, nawe ukachungulia begani kwangu ukasema, "Una macho ya mtalii. Unatazama uzuri. Mahali kwanza, uzuri baadaye." Mama hajaambiwa mpaka leo. Akiuliza, namwambia mtungi uko ofisini, umejaa maji.

Mahali kwanza. Kigae kisichojulikana kimetoka wapi, kwako kilikuwa yatima, hata kiwe kizuri namna gani. Ndiyo maana ulikificha kile chako. Mkono wa mtungi wa Kigiriki, kile kishikio tu, wenye muhuri wa herufi zao, aliokupa mwalimu wako ulipokuwa unasoma Ulaya. Na yeye aliununua sokoni, hakujua ulichimbwa wapi. Ulikaa nao nyumbani miaka na miaka, kwenye mtoto wa meza, hakuna aliyewahi kuuona. Ukanipa mie hospitalini. Nikainama karibu na mdomo wako, nikidhani leo, leo hii, utanambia neno zuri. Ukasema, "Chukua. Akili huna, lakini mikono unayo." Wallahi ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Watu wengine wanaachiwa dua.

Ukazikwa Manah, karibu na Nizwa, kwenye asili ya wazee wako, pembeni kabisa ya makaburi. Mawe matatu, alama ya kaburi la mwanamke huku kwetu, bila jina, bila kitu, kama walivyozikwa wote. Sisi wanawake hatukwenda kukuzika. Siku ya pili nikamwomba Said, mtoto wa dada yako, akanionyesha. Nikasimama nikaona mawe matatu hapa, mawe matatu pale, mawe matatu kila mahali. Mtu aliyetumia umri wake wote kuwapa majina maiti wa watu wengine, yeye mwenyewe hatajulikana! Said alipogeuka kwenda garini nikauchomeka ule mkono wa mtungi mchangani, upande wa kichwa, ukatokeza kidogo tu. Najua haifai. Najua na wewe ungenitukana. Nilitaka nikija nikujue, basi, na mpaka leo sijuti.

Nilikuja mara chache. Kisha Said akahamia Muscat, mvua zikanyesha, wadi, lile korongo kavu, ikashuka na mafuriko, na mie niliyerithi darasa lako nikawa na vita chuoni. Mkuu mpya wa kitivo alikuwa anasema wazi, "Wagiriki hawakufika Nizwa, Warumi hawakufika Nizwa, sasa nyinyi mnafanya nini Nizwa?" Kikao cha kutufunga kikapangwa.

Siku chache kabla ya kikao, wanafunzi wetu walikuwa Manah wakikagua ardhi kutafuta vigae, kama ulivyotuzoesha, kila mtu na mstari wake, kichwa chini. Akaja mbio Thuraya. Wewe hukumjua, aliingia baada yako: binti wa Ibra, bibi yake wa Unguja, mwanafunzi bora kuliko wote niliopata kufundisha, na kuliko mie. Analia kwa furaha. "Mwalimu, kitu hii ya Wagiriki! Kitu hii imeandikwa!" Akafungua kitambaa.

Nikauona mkono wako wa mtungi.

Nikaugeuza, muhuri ni ule ule. Wenzake wakamkumbatia, mmoja akapiga vigelegele jangwani. Kufika jioni chuo kizima kinajua: mtungi wa Kigiriki umeokotwa Manah, bara kabisa, mbali na bahari! Mkuu wa kitivo akanipigia simu mwenyewe, sauti asali tupu. Mie nikaingia garini nikaenda Manah. Maji yalikuwa yamesawazisha kila kitu, mawe mengine yamelala, mengine yamechukuliwa, na makaburi mapya yameongezeka. Nilizunguka mpaka jua linataka kuzama. Nikampigia Said, akanambia, "Pale pale pembeni." Pembeni ipi? Sikukuona, Mwalimu. Aliyejua ulipo alikuwa mmoja tu, Thuraya, ambaye aliweka alama ya mahali kwenye simu yake kabla hajagusa kitu.

Siku ya kikao walileta tende na kahawa, kama harusini. Mkono wa mtungi uko katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe. Mkuu wa kitivo, yule yule, akasema somo halitafungwa, litapanuliwa, na chumba kitapewa jina lako. Jina lako, ukutani! Nilichotakiwa kufanya ni kula tende na kunyamaza. Mwizi mwenyewe asingeletewa mali mpaka mdomoni namna ile.

Nikasimama nikasema kitu hiki ni changu, kilinunuliwa sokoni Ulaya, nilikiweka mie juu ya kaburi la mwalimu wangu, na hakuna Mgiriki aliyefika Manah. Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini nilikuwa nimekulaani wewe moyoni tangu asubuhi, na hasira ilitaka pa kutokea, nikamgeukia yule mtoto mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Na wewe, hukuona kama unakanyaga kaburi? Hukuyaona mawe? Una macho ya mtalii." Kwa sauti yako. Kwa Kiswahili chako cha mjini, kila neno mahali pake.

Hakulia. Ningependa angelia. Kikao kikalifunga somo palepale, na mie nikamfuata yule binti uani, nikamwomba anionyeshe ile alama, ndiyo njia pekee iliyobaki ya kukupata. Akaitoa simu, akaifungua, akanionyesha nukta moja ndogo kwenye ramani. Nilikuwa natafuta miwani. Akasema, taratibu kabisa, "Kigae ilikuwa yatima, Mwalimu. Yatima mahali yake ya nini?" Akaifuta. Mbele ya macho yangu, kwa kidole kimoja, huku ananitazama.

Nikakuona wewe, uso mzima. Ulipata mtu wa kukurithi, hongera. Somo limekufa, chumba kimekwenda, kaburi limepotea, lakini ulimi wako umebaki mzima, umepita kwangu umeingia kwa binti wa Ibra mwenye umri wa kuolewa. Ulichokijenga kikadumu ni hicho.

Nimekaa na jambo hili mwezi mzima. Nimelia, sikufichi, na nusu ya machozi ni ya kukutamani. Hakuna aliyenifundisha kuona ila wewe. Ningekupata leo ningekupikia kahawa, na kabla hujaimaliza ningekufukuza.

Kesho naenda Ibra. Nitapiga hodi kwao. Baba yake akinifukuza nitakaa garini mpaka atoke. Nitamwambia kwamba hakukosea, maji ndiyo yaliyoyaondoa mawe. Kwamba aliuona mkono ule, akaupiga picha, akaweka alama, ndipo akaugusa, na furaha yote ile haikumfanya ausahau utaratibu. Mie mwenyewe nisingeweza. Nitamwambia, "Umefanya vizuri." Hayo ndiyo maneno niliyoinamia mdomoni kwako hospitalini. Nitayatamka mie, tena mbele ya baba yake, na mkono wa mtungi, niliorudishiwa, nitamwachia yeye. Akitaka auvunje.

Basi lala, Mwalimu. Kukutafuta nimeacha. Nikipita Manah nitasimama barabarani niwaombee wote waliolala pale, na wewe utachukua fungu lako kama wenzako, bila jina. Kwaheri. Nakuahidi jambo moja tu, na hili nitalitimiza: siku nikifa, Thuraya hataniandikia mie barua kama hii.

Mwanafunzi wako,
Nasra, wa Bujumbura