Mikono ya Kushoto ya Darasa la Bosco

Jumanne, Kasulu

Eti Bosco ndiye mwalimu wa kuigwa! Leo mkaguzi kaja kumwona akifundisha sentensi za Kiingereza, mtenda nani, mtendwa nani. Kila swali, mikono yote juu. Mkaguzi anachekelea. Mchezo wenyewe naujua: anayejua hunyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto, na Bosco huchagua wa kulia tu.

Mara mkaguzi mwenyewe akamsimamisha mwanafunzi mmoja, Neema. "Haya, mtendwa ni nani?"

Mtoto wa watu akashangaa. "Mwalimu, mbona mimi nimenyoosha wa kushoto?"

Mkaguzi akacheka, akasema watoto wachangamfu. Hakuelewa kitu! Na mkuu wa shule kaniambia mimi, mwalimu mwenzake, kesho nikajifunze kwa Bosco.

Sijui kwenye mtihani watanyoosha mkono upi.