Uchafu Mweupe

Jumatatu, 10 Machi

Jiji zima, kutoka Kanyosha mpaka Carama, hakuna mdomo safi kama wangu. Hata malaika wakitaka kujua meno yanavyosuguliwa, waje soko la Mutakura waulize Tajudini muuza dawa ya meno! Leo nimepiga mswaki mara tisa mbele ya watu, na yale maji ya bluu ya kusukutulia mara tisa. Natema, simezi – funga yangu iko salama. Halafu navuta kwa kidole utando mweupe kutoka ndani ya shavu, kama ule wa juu ya maziwa. Mnaona uchafu? Mumezaliwa nao! Mama mmoja karibu atapike. Kanunua tyubu mbili.

Nyumbani bibi yangu Zubeda bado na kijiti chake cha mswaki. Nimekitia motoni. Bibi, hii karne ingine! Nikampa tyubu na chupa. Akacheka: haya, dokta wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Bibi anatoa uchafu! Mweupe vilevile. Kaniita nione, furaha kama mtoto. Eti miaka sabini alikuwa anasoma Kurani na mdomo mchafu, astaghfirullah. Nikamwambia asukutue mara nne kwa siku. Mi ni dokta ama si dokta?

Mashavu yangu yanawaka kidogo. Pilipili ya jana, bila shaka.

Jumapili, 16 Machi

Futari. Bibi kaweka kijiko chini – uji unamchoma. Uji wa vuguvugu! Nimechungulia: kwekundu kote, na kidonda chini ya ulimi. Nikamwambia ni funga hiyo, mdomo unakauka. Akakubali. Mimi nikisema kitu Bibi anakubali tu.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya tatu hali kitu. Maziwa baridi, basi. Na bado anafunga! Shehe kamruhusu aache, kakataa. Sasa kanga inamzunguka kiuno mara mbili. Nimemletea papai laini kabisa, kaliweka mdomoni, machozi yakamtoka. Bibi aliyekimbia vita mara mbili bila kulia!

Kaniuliza kama apumzike kidogo na ile chupa. Nimesema apana, aendelee, uchafu wa mwisho ndio mgumu.

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi kaanguka akienda kutawadha. Nimempakia kwa baiskeli mpaka dispansari. Mwepesi! Mwepesi kama mfuko wa makaa uliokwisha.

Muuguzi Irène kamulika tochi, kaomba tyubu na chupa, kasoma nyuma. Kasema ule si uchafu. Ni ngozi yenyewe ya ndani ya mdomo! Ile dawa inayotoa povu inaivua, na maji ya bluu yana alkoli – yanakausha, yanachoma. Bibi kusikia alkoli akafumba macho. Mwingine anachubuka tu hata hasikii, lakini mzee mwenye mdomo mkavu… Aache vyote, ngozi itarudi. Na leo hii afungue, ale kilaini, la sivyo ni hospitali na sindano ya maji.

Halafu Irène kanigeukia: nani alimwambia aendelee?

Nikatazama kalenda ukutani.

Bibi, na mdomo ule ule, akanitetea. "Usimugombeze, mwanangu. Mutoto hakujua. Hata yeye anatumia."

Sasa magharibi. Nimemchemshia maziwa, nimeyapoza. Kikombe kimoja, ndiyo yaliyobaki. Kakunywa funda mbili, kanisukumia. "Nusu yako. Na wewe mudomo unakuuma, najua, unajikaza tu."

Kikombe kiko hapa mbele yangu. Anangoja nikinywe. Anasema yeye hanywi tena mpaka mimi ninywe.

Mdomo wangu hauniumi. Dawa na maji ya bluu niliviacha Jumamosi iliyopita. Sokoni nasukutua maji ya bomba niliyotia rangi. Kufika Jumanne ngozi ilikuwa imerudi, nyororo, hata pilipili nilikula. Nilijua! Jumatano aliponiuliza, nilijua. Nikamwambia aendelee, kwa sababu ananiita dokta.

"Taju, umekunywa?"