Bushi Nne Ndani ya Kopo

Kilema,
Jumapili, 15 Desemba 1996

Baba,

Shikamoo. Naandika salamu kwa sababu ulinifundisha kwamba barua haianzi bila salamu, ingawa marahaba haitakuja. Nitakueleza yote, pamoja na mambo mawili ambayo nisingependa uyajue.

Tangu tulipokuzika mwezi wa sita, gari limekaa chini ya migomba. Mama aliliendesha mara chache kupeleka maziwa, lakini mbele liligonga ngo, ngo kwenye kila shimo, mpaka akaogopa. Sasa anabeba ndoo kichwani hadi njia kuu. Nilipofunga shule kwa masista nilimkuta amekonda. Baba mdogo alikuwa ameshapata mnunuzi wa Soweto ya Moshi mjini, aje Jumatatu. Mama akasema, "Likipanda mpaka kanisani na kushuka bila kelele, haliuzwi. Likishindwa, liende."

Nilikwenda stoo kutafuta jeki. Nyuma yake nilikuta kopo la maziwa ya unga, na ndani bushi nne mpya, zile pete za mpira za mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, zimefungwa kwa karatasi. Karatasi hiyo nitaieleza mwishoni. Nilibonyeza mpira kwa ukucha, ukarudi. Ulikuwa ukisema, "Zamani tulichonga bushi kwa tairi kuukuu. Siku hizi dukani kuna kila kitu, hata uongo umetiwa kwenye boksi." Hizi si uongo.

Alhamisi Baba mdogo alikuja na ovaroli yake ya enzi za kuendesha lori. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukalegeza nati kabla ya kupiga jeki, tukakalisha gari juu ya magogo ya mgrevilea. Mikono ilipotoka, bushi za zamani zilibomoka kama ugali wa jana. Ndiyo maana chuma kilikuwa kinagonga chuma. Mpya tulizipaka maji ya sabuni, tukazisukuma kwa jiriwa yako. Mpaka hapo ungefurahi.

Jambo la kwanza ni hili. Baba mdogo alirudisha mikono na kukaza bolti zote wakati gari bado liko juu, magurudumu yananing'inia. Nilikumbuka ulivyoniambia nikiwa darasa la sita, nikikushikia tochi: "Acha lisimame kwa miguu yake kwanza, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa hewani, mpira unashikwa umekaa vibaya, na likishuka unasokotwa." Nilikumbuka neno kwa neno. Nilifungua mdomo nusu. Baba mdogo akasema, "Wewe, fizikia ibaki kwa masista. Hapa ni spana tu. Shika hiyo!" Nikaishika. Nikanyamaza, kwa sababu yeye ni mkubwa, na kwa sababu wewe hukuwepo.

Ijumaa Mama alipanda nalo. Halikugonga tena, lakini lililia njia nzima kama mlango wa zizi, na pua yake ilibaki juu. Baba mdogo alizunguka, akapiga bati teke dogo. "Shemeji, gari limechoka. Lina umri sawa na huyu binti. Tofauti ni kwamba huyu bado anaongezeka thamani." Alicheka. Mama alicheka kidogo, kisha akaenda kuosha ndoo. Nilimwona anaiosha mara mbili.

Jana asubuhi nilimwambia Mama ukweli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi lala chini, mimi nitakanyaga breki." Tulipandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene, gari likasimama kwa miguu yake, mawe mbele na nyuma. Nikajisukuma chini yake na spana namba kumi na saba, nikalegeza bolti za mikono, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilipolegea, pua ilishuka taratibu. Mama alishtuka, akaniita jina. Nikamjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikakaza zote palepale.

Likabaki jambo moja. Nilikuwa nimefungua kazi ya mkubwa bila ruhusa yake. Nilikata jani la sale la kuombea msamaha. Samahani, nililikata kwenye yale yaliyopandwa kaburini kwako, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Nikalifunga fundo, nikalipeleka kwa Baba mdogo kwa mikono miwili, nikaeleza. Unajua mwenyewe, sale halikataliwi. Alilipokea, akauliza, "Nani alikwambia?" Nikasema, "Baba." Akasema, "Na Alhamisi ulikuwa bubu?"

Leo baada ya misa ya kwanza aliendesha mwenyewe, Mama kando yake, mimi nyuma. Tulipanda mpaka kanisani, tukashuka. Nilisikia injini, na kuku wa watu, basi. Baba mdogo alizima injini. Kisha akamwambia Mama, "Shemeji, nitamwambia yule wa Soweto asihangaike kupanda." Ile spana namba kumi na saba akaniwekea mapajani. Kesho Mama atapeleka maziwa kwa gari.

Sasa jambo la pili, ile karatasi. Ni mtihani wangu wa hesabu wa darasa la saba, ule nilioufanya vibaya nikauficha chini ya kiti cha gari. Nilikwambia haujarudishwa. Kumbe uliukuta, na kila swali nililokosa umelifanya upya pembeni kwa penseli, hatua zote, kwa mwandiko ule unaoandika ukitaka nisome vizuri. Nimeyafuata yote. Sasa nayaelewa.

Lala salama, Baba. Naahidi kwamba nikijua jambo, nitalisema kabla bolti haijakazwa.

Lakini nijibu hili, kwa njia yoyote utakayoweza, kabla sijarudi shule. Bushi ulinunua ukaweka, hesabu ulifanya ukaweka. Je, ulikuwa unasubiri niulize?

Mwanao,
Aneti