Lori Limekubali Kuwaka

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa, uji nimeufunika jikoni. Dawa unywe baada ya kula, si kabla. Mimi nakimbilia zamu, nimeshachelewa.

Asubuhi ulipokitupa kile kidude cha michezo kitandani ukasema, "Hata hiki kimenikataa, kama mkono wangu," nilitoka kwa sababu machozi yalinilengalenga. ~~Uliniumiza sana.~~ Basi, yamepita.

Uliposinzia nikampigia binti yako. Akaniambia, "Mama, hakijamkataa baba. Ule mchezo wa malori aliununua duka jingine la mtandaoni, na hicho kinatumia Linux, mfumo tofauti na wa kompyuta za kawaida. Kinajua michezo ya duka lake tu, mpaka kiwekewe programu ya kuleta ya maduka mengine." Akanielekeza kwa simu, pole pole. Nikaiweka, nikaingiza nywila yako ya zamani, mchezo ukashuka, ukafunguka.

Lori lako lipo palepale ulipoliegesha kabla hujaugua. ~~Sikuligusa.~~ Nililigusa kidogo, nikagonga ukuta. Samahani, dereva.

Mafuta unakanyaga kwa kitufe cha nyuma, kwa kidole cha shahada cha kulia, kilekile kinachokusumbua. Daktari wa mazoezi alisema kinataka kazi, hakitaki huruma. Kikichoka, pumzika, usikitukane. Miaka yote mkono huo ndio uliotulisha.

Ukishindwa leo, usitupe kitu. Ningoje. Nikirudi nitakaa kushoto kwako, nikuangalizie njia.

Mimi utingo wako,
Mama watoto