Sauti Yako Kooni Mwangu

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka. Nakusalimia kwa kalamu kwa sababu siku hizi salamu ya mdomo inanishinda, na wewe unajua kwetu asiyesalimu anavyotazamwa. Ungekuwepo ungeniuliza nimeamkaje, na za watoto, na za mume, na za kuku, ndipo uniulize kilichonileta. Wacha nikujibu zote kwa pamoja: hatujambo. Kilichonileta ni sauti.

Sauti yako, mayu. Ulikuwa ukitoka lamboni na ndoo kichwani, hata hujafika kwenye minyaa ya boma letu pale Kasoli, unaanza kusalimu: "Mwadila, baba Kabulaaa!" Baba anaitikia akiwa uani, na jirani wa nyumba ya tatu naye anaitikia akidhani salamu ni yake. Wakati wa palizi ya pamba ulisalimiana na mtu wa shamba la mbali bila hata kunyoosha mgongo. Mimi nilikuwa naona haya. Nilikuambia, "Mayu, punguza," ukacheka, ukasema, "Nikipunguza, inayobaki niiweke wapi?"

Kumbe uliniwekea mimi. Siku ya matanga yako niliita mtu alete maji, wanawake wote jikoni wakageuka wakidhani ni wewe. Shangazi akashika kifua. Tangu hapo nilizoea watu kunipigia simu, nikisema "halo" wanauliza kwanza ni nani. Na baba, ambaye macho yake yalizidi kufifia mpaka sasa anatofautisha mchana na usiku tu, alitaka nifike kwa kusalimu tokea barabarani kama wewe. Kila nilipotoka Bariadi kwenda kumwona, nilipaza salamu nikiwa bado juu ya pikipiki. Nikifika namkuta ameshasimama.

Kisha likazidi lile rovu la shingoni. Unalikumbuka, wewe ndiye uliyenifunga kitambaa cha kulificha nilipokuwa msichana. Lilikua mpaka nikilala chali nakosa pumzi. Nikaenda Mwanza, hospitali kubwa, likatolewa, na kovu limekaa vizuri, utadhani mkufu. Nilichokuwa naogopa ni kufa, na sikufa. Nilipozinduka nikataka kuomba maji, ikatoka pumzi tupu. Daktari alinieleza taratibu kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti ulipita jirani kabisa na rovu, umeumia, na unaweza kupona wenyewe au usipone. Nadhani walikuwa wamelitaja hilo mapema. Masikio yangu yalikuwa yameishia kwenye neno kisu.

Basi ndiyo hali yangu. Maji yananipalia nisipoinamisha kidevu. Nikizungumza kidogo nachoka kana kwamba nimetoka kulima. Sokoni nauza michembe ya viazi vitamu na dagaa kwa kunong'ona, na wateja wanainama kunisikiliza wakidhani nawapa bei ya siri. Biashara haijaharibika, nisiwe mwongo. Wapo wanaosema naringa, eti nimepita sijaitikia salamu. Naitikia, mayu. Haifiki. Shangazi yeye ameshakata shauri kwamba sauti imechukuliwa na mtu, na anamjua mganga huko Lalago wa kuirudisha. Nimemwomba asubiri kwanza mazoezi niliyopewa hospitali. Kila asubuhi nakaa mbele ya kioo navuta "aaa" mpaka kuku wanaondoka uani.

Hayo yote ningeyabeba. Lililonishinda ni la baba.

Nilipokwenda kwake mara ya kwanza baada ya upasuaji, nilisalimia langoni kama kawaida. Haikutoka. Nikaingia. Akasikia miguu, akashika fimbo. "Nani anaingia kwa watu bila kusalimu?"

Nikasema ni mimi, Kabula.

"Kabula ana sauti ya mama yake. Wewe nani?"

Mke wa yule kaka mdogo anayekaa na baba akaja mbio kumweleza. Baba akanipapasa uso, akagusa kovu, akasema haya, karibu. Lakini alinikaribisha kama mgeni, mayu. Aliniuliza habari za safari kwa adabu. Jioni, tumekaa mkeka mmoja, bega kwa bega, akamwuliza mke wa kaka, "Kabula atakuja lini?"

Nilikwenda kulia nyuma ya rundo la mabua, na hata kilio hakikuwa na sauti. Nilikutamani siku ile kuliko siku ya mazishi yako, maana siku ya mazishi bado nilikuwa nawe kooni. Niliona nimekuzika mara ya pili, na safari hii nimekuzika kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu tu nilitaka kupumua.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwasaidia kuchuma pamba, nikalala huko. Alfajiri nikampelekea baba uji. Watoto wa kaka walikuwa wamelala chumba hicho hicho, nikainama sikioni kwake nisije nikawaamsha.

"Baba, amka. Kumekucha."

Hakufumbua macho. Akasema, "Limi."

Jina lako, mayu. Sikuwa nimemsikia akilitaja tangu uondoke. Akanishika mkono, akaupapasa mpaka akajua si wako, lakini hakuuachia.

"Sema tena."

"Kumekucha, baba."

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "mama yako alikuwa hivyo hivyo alfajiri, kabla hajasalimiana na mtu. Sauti ya chini, imekwaruza. Ya kuniamsha mimi. Ninyi mlikuwa bado mmelala."

Kumbe ulikuwa na sauti nyingine, na hukutuonyesha. Tumekua tukidhani tunakujua kwa sababu tulikusikia tokea lamboni.

Sijui kama ni kweli au mzee alikuwa ananipoza. Na sitakudanganya kwamba nimeridhika. Ile sauti yako kubwa bado naitaka, naitaka sana, na nikisikia wanawake wakisalimiana kutoka shamba hadi shamba koo linaniwasha. Daktari amesema nivute subira, nami naivuta. Ila baba sasa hataki kuamshwa na mtu mwingine. Mke wa kaka akijaribu, anamwambia aache, Kabula atakuja.

Kwa hiyo Ijumaa nakwenda kulala huko. Nitapita langoni bila kupaza, asubuhi nitachukua uji, nitainama.

Salamu zangu hazifiki mbali siku hizi, mayu. Kama uko karibu, umesikia.

Mwanao wa kwanza,
Kabula