Chumvi Naiweka Mwenyewe

Mama yangu uliyelala Chilangala,

Sijui kama habari za huku zinakufikia, ila hii siwezi kukaa nayo peke yangu. Ni karibu mwaka sasa sijaingia mwezini. Si mjamzito, si mgonjwa, wala sijazeeka. Ungekuwapo ungenishika kwanza kipaji cha uso uone kama nina homa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita jikoni? Kisamvu kinachemka, wewe umekaa mbali na chungu, unanionyesha kwa kidole kopo la chumvi. Nilikuwa mdogo, nilijua tu kwamba kuna siku mama haweki chumvi, na siku hizo mimi ndiye mkubwa wa jiko. Nilijivuna kweli. Kuna siku nilimimina kama ninayehifadhi samaki, baba akala kimya kimya, wewe ukacheka mpaka machozi. Nilipochezwa unyago ndipo nikaambiwa kwamba mwanamke aliye mwezini akiweka chumvi kwenye mboga, wanaoila hupata kikohozi kisichopona. Hapo nikaelewa kwa nini niliitwa mara nyingi vile.

Maana kwako damu haikuwa mgeni wa siku chache, ilikuja ikakaa. Na Newala yetu maji si ya kuchezea. Nakuona ukipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, umejifunga kanga mbili, unasimama kila kona ukisema unanisubiri mimi, kumbe ni wewe uliyeishiwa pumzi. Nusu ya maji hayo yalikwenda kufulia vitambaa, tukavianika ndani asivione mtu. Viganja vyako vilikuwa vyeupe. Ulipomzaa mdogo wetu wa mwisho damu ikatoka, na wewe hukuwa na akiba. Msibani walisema ndivyo ulivyoumbwa. Nilikubali, kwa sababu na mimi nilishaanza kuwa hivyo hivyo.

Msimu wa korosho wa mwaka juzi nilianguka shambani chini ya mkorosho nikiokota. Baba Fadhila akanipeleka hospitali Masasi, wakapima, damu ilikuwa imepungua vibaya. Daktari mwanamke akanichunguza, hakuona uvimbe, presha yangu ikawa nzuri. Kisha akanitolea vidonge vya uzazi wa mpango, vile vile ninavyovijua miaka yote. Akanieleza kwamba vyeupe ndivyo vyenye dawa, na vile vya kahawia vya mwisho ni madini ya chuma tu. Damu hutoka wakati huo kwa sababu dawa imesimama. Nikimaliza vyeupe niruke vya kahawia, nifungue pakiti nyingine. Madini ya chuma akanipa pembeni, kwa vidonge vingine. Nilimuuliza mara mbili kama inaruhusiwa. Akacheka, akasema si kila mwanamke vinamfaa, ila mimi nimepimwa, na mwili hauhitaji kuitoa damu ile.

Miezi ya kwanza matone yalinijia ovyo, nikakaribia kuacha. Kisha yakakata. Mwezi ukaandama, ukaisha, mwingine ukaandama, na mimi niko shambani tangu asubuhi nazungumza na watu kama kawaida. Nilishangaa, mama. Bado nashangaa. Nilidhani jambo hili ni kama mvua, linakuja likitaka na hakuna wa kulisemesha.

Sasa sikia vituko. Mama mkwe wangu unamjua, ni yule rafiki yako wa Makote aliyekuja kukuosha ulipofariki. Tunakaa naye uwanja mmoja. Akaona mjukuu wake Fadhila haitwi tena kuweka chumvi, akajipa jibu mwenyewe. Akanikataza kubeba ndoo, akawa ananiletea ukwaju, majirani wakanipa hongera nami nikabaki naona haya. Tumbo likakataa kukua. Ndipo hongera zikageuka, mama mkwe akanilaumu: kama si mimba, basi ninaweka chumvi nikiwa mwezini, namuua mwanawe. Na Baba Fadhila naye, mafua yalimshika wiki hiyo hiyo, akakohoa mbele ya mama yake. Mama mkwe akasogeza sahani yangu pembeni. Siku zikapita hali chakula changu, na mume wangu akaanza kuniuliza kama nisingeacha tu hizo dawa ili amani irudi.

Niliogopa, mama. Kuziacha ni kurudi chini ya mkorosho ule. Nikamfuata mama mkwe jikoni kwake, nikampigia shikamoo, nikamweleza yote. Alisikiliza akivuta pindo la kanga.

"Na hiyo damu inakwenda wapi, Mama Fadhila? Si inaoza humo ndani?"

Nikamwambia haikusanyiki. Dawa inazuia utando wa kizazi usiwe mnene, basi hakuna cha kutoka, na siku nikitaka mtoto naacha, mambo yanarudi.

Aliliachia pindo, akasukuma kuni jikoni. Nilidhani amekasirika.

"Mimi nilimwosha mama yako," akasema. "Alikuwa mwepesi kama mtoto. Tukasema kaumbwa hivyo. Kumbe hakuumbwa hivyo."

Akalia, nami nikalia. Kisha akauliza kimepikwa nini kwangu, kwamba ana njaa.

Neno lile, kwamba hukuumbwa hivyo, ndilo lililonifanya nikuandikie. Miaka yote nilikusamehe kwa kufa kwa sababu niliamini ulipangiwa. Sasa sijui nimsamehe nani, na bado, katikati ya uchungu huo, najawa na mshangao kwamba kitu kidogo hivi kinaweza kuushika mkono mwili wa mwanamke na kuuambia pumzika.

Mwezi huu nimefikia umri uliokomea wewe. Siku ile niliiogopa tangu nikiwa msichana. Ikaja, nikafanya kazi, nikalala. Asubuhi nikaamka, nikawa mkubwa kuliko mama yangu.

Pumzika salama, mama.

Mwanao wa kwanza